Obiti, Ganda, Ngazi au Kidato? Istilahi za Nishati ya Elektroni katika Atomi Sahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi ambazo hutumika katika Kiswahili kueleza mahali na nishati ya elektroni ndani ya atomi: obiti, ganda, kiwango na ngazi. Kila istilahi inapimwa kwa yale yanayojulikana kuhusu atomi sahili, yaani haidrojeni, heliamu, lithiamu na sodiamu. Inaonyeshwa kwamba obiti inabeba dhana iliyokwisha kuachwa na fizikia, na kwamba ganda ni istilahi ya kuhesabia elektroni wala si ya kutajia nishati. Inaonyeshwa pia kwamba kiwango na ngazi hazitenganishi vizuri kitu kimoja na vingi. Makala yanapendekeza neno kidato litumike kwa kila nishati moja inayoruhusiwa, na ngazi libaki kuwa jina la mfululizo mzima wa vidato hivyo.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi una historia ndefu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na sayansi katika sekondari za serikali ingali ikifundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, uundaji wa istilahi haukusimama. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ambayo ilijibu kwa vitendo swali la iwapo maneno yanaweza kupatikana.

Swali la makala haya ni jingine. Si kama maneno yapo, bali kama maneno yaliyopo yanasema kweli kuhusu vitu vinavyotajwa. Baadhi ya istilahi hazina hatari yoyote katika jambo hili. Elektroni, protoni na nyutroni ni maneno ya mkopo yasiyomletea mwanafunzi picha yoyote, hivyo hujifunza maana yake kutokana na somo lenyewe. Istilahi zinazohitaji uangalifu ni zile zenye picha ndani yake. Anayesikia ganda huona yai au mti. Anayesikia ngazi huona kitu cha kupandia. Picha hiyo hutangulia somo, na mara nyingi hubaki baada ya somo kusahauliwa. Kwa hiyo anayechagua istilahi huwa amekwisha kufundisha kabla mwalimu hajaingia darasani.

Ili kuzipima istilahi hizi, ni lazima kwanza tueleze jambo lenyewe linalotakiwa kupewa jina.

2.0 Jambo Linalotajwa: Ushahidi wa Haidrojeni

Umeme ukipitishwa katika gesi ya haidrojeni iliyo ndani ya bomba la kioo lenye kanieneo ndogo, gesi hutoa mwanga. Mwanga huo ukipitishwa katika mche wa kioo, hautoi rangi zote za upinde wa mvua. Hutoa mistari michache iliyotengana, na kati yake ni giza. Katika sehemu inayoonekana kwa macho, mistari minne iliyo dhahiri zaidi ina urefu wa wimbi wa nanomita 656, 486, 434 na 410. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule mjini Basel, Uswisi, alipata fomula moja iliyotoa urefu wa mistari yote minne kwa kutumia namba nzima 3, 4, 5 na 6. Fomula ilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyejua sababu yake.

Sababu ilihitaji kwanza atomi yenyewe ijulikane. Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kuwapo kwa elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, kutokana na majaribio ya Hans Geiger na Ernest Marsden, alihitimisha kwamba chaji chanya na karibu uzito wote wa atomi vimekusanyika katika kiini kidogo mno. Picha iliyofuata ilikuwa ya elektroni kukizunguka kiini kama sayari zinavyolizunguka jua. Picha hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Kwa mujibu wa nadharia ya umeme na sumaku iliyokubalika wakati huo, chaji inayozunguka hutoa mwanga na kupoteza nishati. Elektroni ingepaswa kukiangukia kiini katika muda usiofika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Isitoshe, katika kuanguka huko ingetoa mwanga wa rangi zote mfululizo, wala si mistari iliyotengana.

Mwaka 1913 Niels Bohr alitoa jibu. Alidai kwamba atomi haiwezi kuwa na nishati yoyote ile. Ina nishati chache tu zinazoruhusiwa. Mwanga hutolewa pale tu atomi inapotoka kwenye nishati moja kwenda nyingine iliyo chini yake, na nishati ya fotoni inayotoka ni sawa kabisa na tofauti ya nishati hizo mbili. Kwa haidrojeni, nishati inayoruhusiwa hupatikana kwa kugawanya −13.6 kwa mraba wa namba nzima n, jibu likiwa katika elektronivolti (eV):

n = 1: −13.60
n = 2: −3.40
n = 3: −1.51
n = 4: −0.85
n = 5: −0.54
n = 6: −0.38

Alama ya kutoa ina maana yake. Sifuri ni nishati ya elektroni iliyokwisha kung'oka na kutulia mbali na kiini. Elektroni iliyofungwa katika atomi ina upungufu, mithili ya mtu aliye ndani ya kisima ambaye kimo chake hupimwa kuanzia mdomo wa kisima kwenda chini. Ili kumtoa nje mtu aliye kwenye sakafu ya kisima hiki, ni lazima kulipa eV 13.6.

Msomaji anaweza kuijaribu nadharia hii mwenyewe. Urefu wa wimbi katika nanomita hupatikana, kwa ukaribu wa kutosha, kwa kugawanya 1240 kwa nishati ya fotoni katika eV. Kutoka 3 kwenda 2, tofauti ni 1.89, na 1240 ikigawanywa kwa 1.89 hutoa 656: mstari mwekundu. Kutoka 4 kwenda 2, tofauti ni 2.55, na jibu ni 486. Kutoka 5 kwenda 2 jibu ni karibu 434, na kutoka 6 kwenda 2 ni karibu 410. Mistari yote minne ya Balmer inashukia penye n = 2. Inayoshukia penye n = 1 ina nishati kubwa zaidi, kuanzia eV 10.2, hivyo huangukia katika mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho.

Mwaka 1914 James Franck na Gustav Hertz walipata ushahidi wa njia nyingine. Walipitisha elektroni katika mvuke wa zebaki na kuona kwamba elektroni zenye nishati iliyo chini ya eV 4.9 zilidunda bila kupoteza karibu chochote. Zilipofika 4.9 zilipoteza nishati hiyo yote kwa mkupuo. Atomi ya zebaki haipokei nusu wala robo ya kiasi hicho. Hupokea chote au hukataa.

Kwa hiyo istilahi tunayoitafuta lazima ibebe sifa nne: (a) nishati hizi hazina kitu kati yake, (b) zinahesabika, moja, mbili, tatu, (c) zina mpangilio wa chini na juu, (d) ni nishati, wala si mahali.

3.0 Istilahi Zilizopo Kwenye Mizani

3.1 Obiti

Obiti ni neno linalofahamika kutokana na sayari na setilaiti. Bohr mwenyewe alianza na obiti za mviringo: ya kwanza ikiwa na nusu kipenyo cha nanomita 0.053, ya pili mara nne ya hiyo, ya tatu mara tisa. Mwalimu anayetumia neno hili basi hakosi sababu ya kihistoria.

Hata hivyo, obiti ndiyo sehemu ya nadharia ya Bohr isiyodumu. Baada ya kazi ya Werner Heisenberg mwaka 1925 na ya Erwin Schrödinger mwaka 1926, nishati zilezile za haidrojeni zilipatikana bila obiti yoyote. Katika nadharia hiyo mpya elektroni huelezwa kwa wimbi ambalo hutoa uwezekano wa kuikuta hapa au pale. Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: katika nishati ya chini kabisa ya haidrojeni, momenta ya mzunguko inayotokana na mwendo wa elektroni kukizunguka kiini ni sifuri. Kwa maneno mengine, sentensi isemayo kwamba elektroni ya haidrojeni hukizunguka kiini si kurahisisha ukweli. Katika hali ambayo atomi hiyo huwamo kwa kawaida, si kweli.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa msaada ambao haujatumiwa vya kutosha. Viambishi vya mahali -po, -ko na -mo hutofautisha mahali mahususi, mahali pasipo dhahiri na ndani ya kitu. Kusema elektroni ipo hapa ni kudai zaidi ya yale ambayo atomi iliyoachwa bila kuguswa inaturuhusu kusema. Kusema elektroni imo katika atomi ni sahihi kabisa: imo ndani, na haidaiwi kuwa penye nukta fulani. Mwalimu anayechagua imo badala ya inazunguka amekwisha kuondoa kosa kubwa kwa silabi mbili.

3.2 Ganda

Ganda lina picha ya kitu chembamba kinachofunika kingine. Elektroni haijakaa hivyo. Katika hali ya chini kabisa ya haidrojeni, wingu la uwezekano ni zito zaidi penye kiini chenyewe, kisha hupungua taratibu kuelekea nje bila ukingo wowote. Pamoja na hayo, ganda lina kazi halali. Hutumika kukusanya elektroni zenye n moja: ganda la kwanza huchukua elektroni 2, la pili 8. Kwa kuhesabu elektroni na kueleza jedwali la elementi, istilahi hii inafaa. Kosa hutokea inapotumiwa kama jina jingine la nishati. Jambo hili litadhihirika tutakapofika kwenye lithiamu.

3.3 Kiwango na Ngazi

Kiwango cha nishati kinakosa sifa ya kwanza, yaani kutokuwapo kwa kitu kati ya nishati mbili. Katika matumizi ya kawaida husemwa kiwango cha joto au kiwango cha maji mtoni, vitu ambavyo hupanda na kushuka polepole bila mkato. Mwanafunzi anayesikia kiwango cha nishati hana sababu ya kudhani kwamba kati ya −13.6 na −3.4 hakuna chochote.

Ngazi ina nguvu zaidi kwa kuwa inabeba chini na juu. Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Ngazi iegemezwayo ukutani ni kifaa kizima, si kile kipande kimoja kinachokanyagwa. Aidha, likiwa katika ngeli ya I-/ZI-, neno lenyewe halibadiliki katika umoja na wingi. Maelezo kama ngazi za nishati za haidrojeni yanaweza kueleweka kuwa ni hatua nyingi za kitu kimoja, au kuwa ni vifaa vingi vya kupandia. Matumizi ya kiutawala, kama ngazi ya wilaya na ngazi ya mkoa, yamesaidia kulipa neno maana ya hatua moja, lakini utata haujaisha.

4.0 Pendekezo: Kidato

Mwandishi wa makala haya anapendekeza kidato. Katika maana yake ya asili, kidato ni mkato uchongwao katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Pia ni hatua moja ya ngazi. Maana iliyoenea zaidi leo ni ile ya shule: kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Maana zote zinakubaliana na sifa zilizotajwa. Mguu wa mkwezi umo katika kidato au haumo. Hauwezi kutulia katikati ya vidato viwili. Vivyo hivyo mwanafunzi yumo kidato cha pili au cha tatu, hayumo cha pili na nusu. Ngeli ya KI-/VI- hutenga umoja na wingi waziwazi: kidato kimoja, vidato vingi. Namba ya kidato tayari iko kinywani mwa kila mwanafunzi, nayo ndiyo n ya Bohr. Vitenzi vinafuata bila kulazimishwa: atomi ikifyonza fotoni hupanda kidato, ikitoa fotoni hushuka. Ngazi nayo haitupwi. Inabaki kuwa jina la mfululizo mzima. Tutasema: ngazi ya haidrojeni ina vidato visivyo na idadi, na cha chini kabisa kiko kwenye −13.6.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi anaweza kuchanganya kidato cha nishati na kidato cha shule. Lakini lugha huishi na maneno yenye maana zaidi ya moja, na muktadha wa atomi haufanani na wa orodha ya mahudhurio. Ya pili ni nzito zaidi: vidato vya mnazi hukatwa kwa nafasi zinazokaribiana kuwa sawa, ilhali vya haidrojeni havilingani. Kutoka cha kwanza hadi cha pili ni eV 10.2, kutoka cha pili hadi cha tatu ni 1.89 tu, kisha vinasongamana kuelekea sifuri. Kasoro hii ni ya kweli, na mwalimu anapaswa kuitaja. Tofauti yake na kasoro ya obiti ni kwamba hii hurekebishwa kwa jedwali moja la namba, wakati ile ya obiti haiwezi kurekebishwa ila kwa kuliacha neno.

5.0 Heliamu: Kidato ni cha Nani?

Heliamu inalipima pendekezo letu kwa ukali zaidi. Tuanze na heliamu iliyong'olewa elektroni moja. Kiini chake kina protoni 2, na nishati huongezeka kwa mraba wa idadi hiyo, yaani mara 4. Kidato cha kwanza kiko kwenye −54.4 badala ya −13.6. Mwaka 1896 Edward Pickering aliona katika mwanga wa nyota ya Zeta Puppis mistari iliyodhaniwa kuwa ya haidrojeni ya namna ya pekee. Bohr alidai ni ya heliamu iliyopoteza elektroni. Alfred Fowler alipinga kwamba uwiano uliopimwa ulikuwa 4.0016, si 4 kamili. Bohr alijibu kwamba kiini nacho hutikisika kidogo, na cha haidrojeni, kwa kuwa ni chepesi zaidi, hutikisika zaidi kuliko cha heliamu. Alipolihesabu jambo hilo alipata 4.00163. Ni nadra nadharia kushinda kwa tarakimu ndogo kiasi hicho.

Ushindi huo uliishia hapo. Heliamu kamili ina elektroni 2. Kama kila elektroni ingekuwa na kidato chake bila kujali nyenzake, jumla ingekuwa mara mbili ya −54.4, yaani −108.8. Vipimo vinaonyesha −79.0. Tofauti ya eV 29.8 inatokana na elektroni mbili kusukumana, kwa kuwa zote zina chaji hasi. Ndiyo maana kung'oa elektroni ya kwanza huhitaji eV 24.6 tu, na ya pili 54.4. Nadharia ya obiti haikuweza kuipata namba hii. Ilipatikana kwa usahihi mkubwa kwa nadharia ya mawimbi, hasa katika hesabu za Egil Hylleraas za mwaka 1929.

Fundisho la kiistilahi ni wazi. Ile nishati ya msukumano si ya elektroni hii wala ile. Ni ya zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo kidato, kwa maana kamili, ni cha atomi. Katika haidrojeni, iliyo na elektroni moja, kusema elektroni imo katika kidato cha pili hakumpotoshi mtu. Katika heliamu ni afadhali kusema atomi imo katika kidato chake cha pili, kilicho eV 19.8 juu ya cha kwanza. Pale tunapotaka kutaja sehemu ya elektroni moja moja, itajwe waziwazi kuwa ni makadirio.

6.0 Lithiamu na Sodiamu: Ganda Moja, Vidato Zaidi ya Kimoja

Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alieleza kanuni isemayo kwamba elektroni mbili za atomi moja haziwezi kulingana katika namba zote zinazozitambulisha. Namba mojawapo ni ya spini, yenye thamani mbili tu. Hivyo ganda la kwanza hujaa kwa elektroni mbili. Elektroni ya tatu ya lithiamu hulazimika kuingia ganda la pili.

Katika haidrojeni, umbo la wimbi la elektroni yenye n = 2 halibadilishi nishati, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana. Katika lithiamu hubadilisha. Wimbi la aina ya s hupenya ndani hadi karibu na kiini na kuonja chaji yake zaidi. La aina ya p hubaki nje na kukingwa na elektroni mbili za ndani. Matokeo yake ni vidato viwili vilivyotengana kwa eV 1.85, na atomi ikishuka kutoka cha p hadi cha s hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 671. Ganda ni lilelile la pili. Vidato ni viwili. Huu ndio uthibitisho kwamba ganda na kidato si visawe.

Sodiamu hurudia habari hiyo katika ganda la tatu. Chumvi ya mezani ikidondokea katika moto wa jiko, ulimi wa moto hugeuka manjano. Rangi hiyo ni atomi za sodiamu zikishuka kidato kimoja cha eV 2.1, na urefu wa wimbi ni nanomita 589. Ukichunguzwa kwa makini, mstari huo ni miwili, 589.0 na 589.6, kwa kuwa spini nayo hukigawa kidato cha juu kuwa viwili vinavyokaribiana mno.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba istilahi ya sayansi haipimwi kwa kukubalika kwake kisarufi pekee, bali pia kwa matendo yake mbele ya ushahidi. Kutokana na uchambuzi huu inapendekezwa: (a) obiti itumike tu katika kueleza historia ya nadharia ya Bohr, (b) ganda litumike kwa kundi la elektroni zenye n moja, (c) kidato kitumike kwa nishati moja inayoruhusiwa, na ngazi kwa mfululizo wa vidato, (d) elektroni isemwe kuwa imo katika atomi, wala isisemwe kwamba inazunguka.

Mara nyingi hudhaniwa kwamba mtu anayeandika sayansi kwa Kiswahili hana budi kufuata nyuma ya lugha nyingine, akibeba hata picha ambazo sayansi yenyewe imekwisha kuzitupa. Viambishi -po, -ko na -mo, pamoja na neno la wakwezi wa minazi, vinaonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Inabaki kwa watafiti wa istilahi kushirikiana na walimu wa fizikia kulijaribu pendekezo hili darasani, na kulirekebisha pale litakapoonekana kupungukiwa.